Faulo tano, banti moja na mstari wa chokaa

Swali limetoka kwa mwalimu wa michezo wa shule moja ya sekondari jijini Tanga, upande wa Chumbageni. Nalifupisha, maana barua yake ilikuwa ndefu. Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na mdakaji amekaa nyuma ya mpigaji. Straiki ni alama dhidi ya mpigaji, faulo ni mpira uliopigwa ukatoka nje ya mistari, banti ni kuutegea mpira gongo, auti ni kutolewa, na iningi ni awamu ambayo kila timu hupiga mara moja. Kuiba besi ni mkimbiaji kukimbilia kituo kinachofuata bila mpira kupigwa. Barua inasema:

"Timu yetu ya softiboli ya wasichana ilicheza na shule jirani. Mpigaji wetu, akiwa na straiki mbili, alipiga faulo tano mfululizo na refa akamwacha aendelee. Mpigaji wao, naye akiwa na straiki mbili, akafanya banti ikatoka nje ya mstari, refa akasema auti. Iningi iliyofuata binti yetu mwingine mwenye straiki mbili akaugusa mpira kidogo tu, mdakaji akaudaka, refa akasema auti, lakini mkimbiaji wetu aliyeiba besi ya pili akaachwa abaki huko huko. Mwishoni mpira wetu ukaanguka juu ya chokaa ya mstari wa besi ya tatu, refa akasema faulo. Wazazi wakasema refa kanunuliwa. Wanafunzi wangu wengine wanashikilia kuwa faulo ya kwanza tu ni auti, ndivyo walivyofundishwa. Tulisaini karatasi ya matokeo lakini roho haijatulia. Kuna kanuni hapa, au refa anajiamulia? Na je, rufaa inawezekana?"

Mwalimu, nianze na hukumu ndipo nieleze. Refa wenu alipatia mara tatu, akakosea mara moja. Alikosea pale kwenye chokaa, na kwa bahati mbaya hilo ndilo lililowaumiza ninyi. Mengine yote, ingawa kwa mtazamaji yanaonekana kupingana, yanatoka mahali pamoja: faulo inaweza kumpa mpigaji straiki ya kwanza na ya pili, lakini haiwezi kumpa ya tatu. Banti ndiyo iliyotengwa makusudi na msamaha huo. Na ule mpira uliodakwa na mdakaji haukuwa faulo hata kidogo, ndiyo maana msamaha haukumfikia binti yenu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukimwacha pembeni mpigaji anayegongwa mwilini, kila mrusho huishia kuwa boli (umepita nje ya eneo la straiki na mpigaji hakuujaribu), au straiki, au mpira uliopigwa ukaingia mchezoni. Boli nne, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bila kutolewa jasho. Straiki tatu, anarudi benchi. Straiki hupatikana mpira ukipita eneo la straiki naye ameutazama tu. Au akirusha gongo, yaani akilizungusha kuupiga mpira, akaukosa, hata kama mpira ulipita mbali kabisa. Au akipiga faulo huku hesabu yake ya straiki haijafika mbili. Eneo la straiki ni nafasi iliyo juu ya besi ya nyumbani, yenye upana wa sentimeta 43, kuanzia usawa wa magoti kwenda kifuani. Vipimo vya juu na chini vinatofautiana kidogo kati ya besiboli na softiboli, lakini jambo moja halibadiliki: mpira si lazima uingie wote. Ukilamba ukingo wa nafasi hiyo kwa upande wake mmoja tu, ni straiki.

Kuna straiki nyingine moja ambayo waamuzi wapya huisahau. Mpigaji akirusha gongo, akaukosa mpira, na mpira ukamgonga mwilini, hapewi besi ya kwanza kwa kuumia kwake. Ni straiki, mpira umekufa (yaani mchezo umesimama), na kama ilikuwa ya tatu, ameshatoka. Nimeona makocha wakitaka kulia kwa hili.

Turudi kwa binti yenu wa faulo tano. Aliingia bila kitu. Tuseme straiki zake mbili nazo zilitokana na faulo, kabla ya hizo tano: ya kwanza ikamwandikia straiki moja, ya pili ikamwandikia mbili. Kuanzia hapo kila faulo isiyodakwa inaacha hesabu pale pale ilipokuwa: boli mbili na straiki mbili zinabaki boli mbili na straiki mbili, apige faulo tano au kumi na tano. Hakuna ukomo. Tarehe 22 Aprili 2018, Brandon Belt wa San Francisco Giants alisimama mbele ya mrushaji Jaime Barria wa Los Angeles Angels kwa mirusho 21, na 16 kati ya hiyo ilikuwa faulo. Ndio mpambano wa mpigaji na mrushaji mrefu kuliko wote uliorekodiwa katika ligi kuu ya Marekani tangu waanze kuhesabu kila mrusho. Mwisho wake? Aliupiga mpira juu upande wa kulia, ukadakwa. Ametoka kama angetoka kwa mrusho wa kwanza, ila mrushaji alishakamuliwa.

Angalia neno "isiyodakwa" hapo juu. Faulo iliyo hewani ikidakwa na mlinzi yeyote kabla haijagusa chini ni auti, hesabu iwe yoyote, hata kama mpigaji hana straiki hata moja. Na hapo mpira unabaki hai: mkimbiaji aliyekuwa amesimama kwenye besi yake anaruhusiwa kukimbilia mbele baada ya mpira kudakwa. Faulo iliyoanguka chini inaua mchezo papo hapo, na kila mkimbiaji hurudi alikotoka. Kama zile faulo tano za mtoto wenu ziliishia kwenye miembe au nyuma ya wavu, hakukuwa na la kufanya ila kurudisha mpira na kurusha tena.

Sasa, kwa nini mchezo umruhusu mpigaji kuchosha watu hivyo? Hapa inabidi turudi nyuma, kwa sababu kanuni hii haikuzaliwa ilivyo. Karne ya 19 wakubwa wa besiboli walihangaika sana na hesabu. Mwaka 1879 mpigaji alihitaji boli tisa ndipo apewe besi ya kwanza. Wakawa wanazipunguza kidogo kidogo, na mwaka 1887 wakajaribu straiki nne badala ya tatu, jaribio lililodumu msimu mmoja tu. Boli nne kwa straiki tatu, hesabu ambayo leo tunadhani imeshushwa kutoka mbinguni, ilikaa sawa mwaka 1889.

Katika miaka yote hiyo faulo ya kawaida haikuwa straiki. Mpigaji angeweza kupiga faulo siku nzima na hesabu yake ikabaki safi. Wajanja wakaligeuza hilo kuwa kazi. Wa kwanza kubanwa walikuwa wapiga banti: hao walikuwa wanatega gongo tu, wanausukuma mpira nje kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, hadi mrushaji achoke na kutoa boli nne. Mwaka 1894 ikaamuliwa banti iliyotoka nje ni straiki. Lakini wapo waliojua kufanya vilevile kwa kupiga kawaida. Anayetajwa zaidi ni Roy Thomas wa Philadelphia, mtu aliyekuwa na jicho kali na mkono mwepesi, ambaye angeitoa nje mirusho mizuri yote akisubiri mibaya. Ligi ya National, moja ya ligi mbili kubwa za Marekani, ikaanza kuihesabu faulo kuwa straiki mwaka 1901. Ligi ya American ikafuata mwaka 1903, kwa hiyo kwa misimu miwili mchezo uleule ulikuwa na hesabu mbili katika nchi moja.

Kwa hiyo kinachoonekana leo kama upendeleo kwa mpigaji ni mabaki ya uhuru mkubwa zaidi aliokuwa nao. Walimnyang'anya faulo mbili za mwanzo, wakamwachia zinazofuata. Mimi naona waliishia mahali pa haki. Mpigaji mwenye straiki mbili ambaye bado anaufikia mpira hajashindwa. Mrushaji ndiye mwenye kazi ya kummaliza. Ingekuwa faulo ya tatu ni auti, mrushaji mwenye kasi angeshinda kwa kusubiri mpigaji apinde mkono kidogo tu.

Banti iko tofauti kwa sababu ya historia hiyohiyo. Anayepiga banti hajaribu kuupiga mpira kwa nguvu. Anatanguliza gongo na kuuacha mpira ulifuate. Mtu mwenye mazoezi anaweza kuutoa nje mrusho karibu wowote kwa njia hiyo, na akiachiwa, mchezo haumaliziki. Ndiyo maana banti ikitoka nje huku straiki ni mbili, ni straiki ya tatu, mpigaji auti, mpira umekufa, wakimbiaji wanarudi. Besiboli na softiboli zinakubaliana hapo. Refa wenu hakuwapendelea ninyi alipomtoa mpigaji wa wenzenu. Hakuwa na hiari.

Kwenye softiboli lipo jambo la kuangaliwa zaidi, nalo ni slapu. Wasichana wanaopiga kwa mkono wa kushoto huanza kukimbia kuelekea besi ya kwanza huku wakichapa mpira kwa mkato mfupi. Kwa mbali hufanana na banti. Si banti, kwa sababu gongo limerushwa, halikutegwa. Slapu ikitoka nje kwa straiki mbili ni faulo ya kawaida na mpigaji anabaki. Refa ndiye anayeamua alichokiona kilikuwa kipi, na akiwa amesimama vibaya anaweza kupotea. Mkiwa na mpigaji wa namna hii, mwelezeni refa mapema kwamba huyu hupiga slapu. Si hongo, ni taarifa.

Naja kwenye lililowavuruga zaidi wazazi, yaani mpira uliogusa gongo ukadakwa. Hilo linaitwa tipu. Ili liwe tipu, mpira utoke kwenye gongo kwa kasi na moja kwa moja hadi kwa mdakaji, naye audake ipasavyo. Yakitimia hayo, kanuni inauhesabu kana kwamba mpigaji amerusha gongo akakosa. Yaani ni straiki, tena straiki inayoweza kuwa ya tatu. Na kwa kuwa hesabu yake ni ya kukosa na si ya faulo, mpira haufi. Mkimbiaji aliyekuwa njiani kuiba besi anaendelea, na mdakaji ana haki ya kumrushia mpira mwenzake ili amtoe. Refa aliyemtoa mpigaji wenu na papo hapo akamwacha mkimbiaji wenu besi ya pili hakuwa anawapa pipi ya kuwanyamazisha. Ametumia kanuni moja mara mbili kwa pumzi moja, na ningempa alama nzuri, maana waamuzi wengi wa shule humtoa mpigaji halafu wanamrudisha mkimbiaji, jambo ambalo haliwezekani kuwa sahihi kwa pande zote mbili.

Mpira huohuo ukiponyoka kwenye glavu ya mdakaji na kuanguka, kila kitu kinageuka. Hapo ni faulo tu. Mpira umekufa, mkimbiaji anarudi besi ya kwanza, na mpigaji mwenye straiki mbili yuko salama. Tofauti ya kudaka na kutodaka, ambayo mtu aliyekaa nyuma ya benchi haioni kabisa, inabeba auti nzima. Na ukiruka juu kwa upinde badala ya kwenda moja kwa moja, si tipu. Ni faulo ya hewani, na ikidakwa ni auti hata kama straiki ilikuwa sifuri. Refa aliyefunzwa huonyesha tipu kwa ishara: anapangusa mgongo wa kiganja kimoja kwa kingine, kisha anatoa ishara ya straiki. Muulizeni kama alifanya hivyo. Kama hakufanya, nusu ya kelele za wazazi ni zake.

Msichanganye pia tipu na straiki ya tatu isiyodakwa. Mpigaji akirusha gongo akakosa kabisa, bila kugusa, na mdakaji akaangusha mpira, basi kama besi ya kwanza iko wazi, au auti ni mbili tayari, mpigaji anaruhusiwa kukimbia. Lazima mlinzi amguse kwa mpira au mpira umtangulie besi ya kwanza ndipo atoke. Hii ni ya besiboli na ya softiboli ya mrusho wa kasi. Katika softiboli ya mrusho wa taratibu haipo.

Mstari sasa. Mistari ya faulo ni sehemu ya uwanja wa ndani. Chokaa yote, upana wake wote, ni ndani. Besi ya kwanza na ya tatu ziko ndani. Hata besi ya nyumbani yenyewe iko ndani, ingawa watu wengi huapa kwamba mpira ukiigusa ni faulo. Shabiki yeyote wa Coastal Union au African Sports aliyewahi kukaa Mkwakwani anajua kwamba mpira uliogusa mstari wa pembeni haujatoka, na huku ni vivyo hivyo. Mpira ulioanguka juu ya chokaa, ng'ambo ya besi ya tatu, ni mpira halali, na mpigaji wenu alistahili kukimbia.

Lakini lazima nikuulize: ulianguka kabla ya besi ya tatu au baada yake? Kwa sababu sheria ni mbili. Mpira ulioanguka baada ya kuvuka besi unahukumiwa pale ulipoanguka mara ya kwanza. Ukigusa ndani, au juu ya mstari, kisha ukapinda kwenda nje hadi kwenye ukuta wa jirani, ni halali. Mpira unaobiringika kabla ya kufika besi hauhukumiwi ulipoanguka. Unahukumiwa pale unaposimama, au unapoguswa na mchezaji, au unapopita usawa wa besi. Unaweza kuanza ndani, ukatoka, ukarudi ndani ukasimama, na ukawa halali. Kinachotazamwa ni mahali mpira ulipo unapoguswa, si mahali miguu ya mlinzi ilipo. Mlinzi anaweza kusimama nje kwa miguu yote miwili, akanyoosha mkono na kuugusa mpira ulio juu ya mstari: ni halali.

Ndiyo maana walinzi wenye akili huuacha mpira wa pembeni utembee wenyewe wakisubiri utoke nje. Mwaka 1981, huko Seattle, Lenny Randle wa Mariners alishindwa kusubiri. Amos Otis wa Kansas City Royals alikuwa amepiga mpira dhaifu uliokuwa ukitambaa juu ya mstari wa besi ya tatu. Randle akalala kifudifudi na kuupulizia hadi ukatoka nje. Waamuzi, baada ya malalamiko ya upande wa pili, wakaamua mpira ni halali na mpigaji abaki besi ya kwanza. Randle alijitetea kwamba hakuupuliza, aliusihi tu utoke. Wanafunzi wako wasijaribu.

Na uwanja wenu una mistari ya kweli? Nauliza bila kejeli. Viwanja vingi vya shule zetu vina mchanga, masika ikipita chokaa inakwenda na maji, na mistari huchorwa upya kwa kukadiria kwa macho. Mstari uliopinda nusu mita tu unazalisha ugomvi usioisha. Chukueni kamba ya katani, ambayo Tanga haijawahi kuwa adimu. Katika softiboli kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 18.29, kutoka besi ya nyumbani hadi ya pili, mkato wa katikati, ni mita 25.86. Pimeni hizo mbili zikubaliane, pembe yenu itakuwa sawa, kisha vuteni kamba kutoka nyumbani kupitia ukingo wa nje wa besi ya kwanza na ya tatu hadi mwisho wa uwanja, ndipo mwage chokaa upande wa ndani wa kamba. Wa besiboli watumie mita 27.43 kati ya besi na besi.

Wale wanafunzi wanaoapa kwamba faulo ya kwanza ni auti hawaongopi. Nadhani wamefundishwa Baseball5, mchezo uliozinduliwa na shirikisho la dunia la besiboli na softiboli, WBSC, mwaka 2018. Hauna gongo, hauna glavu, hauna mrushaji. Wachezaji ni watano kila upande, mpigaji anashika mpira wa raba na kuupiga kwa mkono wake mwenyewe. Kwa kuwa hakuna anayemrushia, hana kisingizio: akikosa ni auti, akiupiga nje ni auti, mara ya kwanza hiyohiyo. Unafaa sana kwa shule zisizo na vifaa, na umeingizwa kwenye Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, kwa hiyo utazidi kuusikia. Ila kanuni yake ya faulo ibaki hukohuko.

Chanzo cha pili cha mkanganyiko ni softiboli ya mrusho wa taratibu, ile inayochezwa na watu wazima kwa kujifurahisha, mpira ukirushwa juu kwa upinde. Kwa kanuni zake zilizozoeleka, faulo baada ya straiki mbili ni auti. Mantiki iko wazi: mpira unakuja polepole, mpigaji ana muda wote wa dunia, hastahili kulindwa. Ligi nyingine humpa faulo moja ya ziada, nyingine hazimpi. Mtu aliyejifunza huko akija kutazama mchezo wenu wa mrusho wa kasi, faulo tano zile zitamtoa jasho.

Nimeona pia kwenye karatasi yenu ya hesabu, uliyoiambatanisha, kwamba mwandishi wa upande wenu ameandika "2–3" na wa upande wa pili "3–2" kwa mpigaji yuleyule. Wote wamemaanisha boli tatu na straiki mbili. Utaratibu wa Marekani na wa kimataifa ni kutaja boli kwanza. Japani, ambako besiboli yetu imepata msaada mwingi, hadi uwanja wa Shule ya Sekondari Azania jijini Dar es Salaam, walizoea kutaja straiki kwanza, na ligi yao ya kulipwa iligeuza mpangilio huo mwaka 2010 tu. Kocha aliyefundishwa na mtu mzima kutoka huko, au aliyesoma kitabu cha zamani, anaweza kuwa na desturi ile. Chagueni boli kwanza. Refa naye huonyesha boli kwa vidole vya mkono wa kushoto na straiki kwa mkono wa kulia, kwa hiyo anayetazama vidole hatapotea.

Faulo za baada ya straiki mbili hazibadilishi hesabu ya mpigaji, lakini mwandishi asiziache zipotee. Waandishi wazuri huweka nukta pembeni kwa kila moja. Sababu ni bega la mrushaji: kila faulo ni mrusho kamili. Katika Little League, ligi ya watoto ya besiboli, mtoto wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kuzidisha mirusho 85 kwa siku, na mashindano ya sekondari ya Japani tangu 2020 yana ukomo wa mirusho 500 kwa juma kwa mrushaji mmoja. Mirusho hiyo inajumuisha faulo zote. Softiboli hurushwa kwa mkono wa chini na wengi hudhani haichoshi bega. Mimi sikubaliani nao kabisa, hasa kwa mtoto anayerusha michezo miwili kwa siku moja kwenye jua la Tanga.

Kuhusu rufaa. Kanuni zinatenganisha macho ya refa na uelewa wake wa kanuni. Kama alisema, "Nimeuona umeanguka nje," hayo ni macho yake, na uamuzi wa ndani au nje hauna rufaa hata kama uwanja mzima uliona vingine. Kama alisema, "Umeanguka kwenye chokaa, na chokaa ni nje," hapo amepotosha kanuni, na mlikuwa na haki ya kupinga. Lakini pingamizi hilo lilipaswa kutolewa palepale, kabla ya mrusho uliofuata: kocha aombe muda, amfuate refa kwa heshima, aseme anacheza chini ya pingamizi, na mwandishi aandike iningi, auti, hesabu na mahali wakimbiaji walipo. Mrusho ukishafuata, mlango umefungwa. Ninyi mliendelea kucheza, tena mkasaini karatasi, kwa hiyo matokeo yanabaki kama yalivyoandikwa.